Sijamwona na Sikumwona



Mhariri wetu amenishikilia tangu mwaka jana niandike kurasa mbili tatu juu ya "tulivyotoka". Nimemwambia hayo wameshayaandika wenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Mimi nitaandika juu ya vitenzi vya Kiingereza. Alicheka, akadhani namfanyia mzaha. Lakini nauliza: ni nani katika sisi aliyefika ugenini asikutane na karatasi ile, sentensi imeachwa pengo katikati na chini yake maneno manne, chagua moja? Kuna waliopata kazi kwa sababu ya pengo lile, na kuna waliorudishwa mlangoni.

Aliyenirudisha huko ni mjukuu wangu, anayejitayarisha kwenda kusomea uuguzi Uingereza. Usiku mmoja kanipelekea kwa simu picha ya zoezi lake: "She ___ in Cardiff since 2019." Yeye kachagua "lives", kitabu kinasema "has lived". Chini kaandika: "Bibi, si bado anakaa huko? Basi kosa langu nini?" Nikaangalia picha ile kwa muda mrefu. Kosa lake ndilo kosa langu la mwaka 1974, na nikamwambia aje Ijumaa baada ya chakula, kwa sababu jambo hili halisemeki kwa simu.

Sisi, yaani Mama na mimi, tulifika Maskati mwaka 1972. Tulitoka Unguja 1964 mimi nina miaka 13, tukakaa Mombasa miaka minane. Mnaojua habari za siku zile mnakumbuka kwamba Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu. Ofisi zilikuwa zikifunguliwa kila kukicha, na watu waliotoka Afrika Mashariki na Kiingereza chao kidogo walitafutwa. Ila hicho kidogo kilipimwa. Mwaka 1974 nilikwenda kujaribiwa ukarani wa kupiga taipu katika ofisi moja. Taipu nilipita bila taabu, vidole vyangu vilikuwa vyepesi kwa kushona. Kisha nikapewa karatasi ya sarufi, maswali 30. Nikapata 11. Aliyesahihisha alikuwa Mwingereza mwenye kalamu nyekundu na adabu nyingi. Akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu.

Nilirudi nyumbani Matrah nikiwa nimejifunika uso kwa buibui, nisije nikaulizwa njiani.

Ami yangu, ndugu wa baba, alikuwa akikaa nyumba ya pili yetu. Unguja alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, na Maskati alikuwa akitunza ghala ya mchele ya mfanyabiashara mmoja. Alikuwa na vitabu vichache alivyovihamisha bandari mpaka bandari, na kimoja kilikuwa sarufi ya Kiswahili ya Bibi Ashton, ile iliyotolewa mwaka 1944. Kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiingereza ili Waingereza wajifunze Kiswahili. Ami akakiweka juu ya mkeka akaniambia: "Binti, hiki waliandikiwa wao ili watufahamu sisi. Wewe na mimi tutakisoma kinyume." Akawa anakata makaratasi magumu ya maboksi ya chai, anaandika sentensi yenye pengo upande huu na jibu upande wa pili. Kila usiku baada ya Isha, makaratasi kumi.

Tulianza na "-na-", kwa sababu nilikuwa nimeandika "I am knowing". Kwetu "ninajua" na "ninakuja" ni mlango mmoja, wao wana miwili. Ami akasema: kabla ya kuchagua, jaribu kutia "hu-". Ukiweza kusema "Baba huenda sokoni", basi ni "goes", na usisahau ile "s" ya mwisho, maana Mwingereza huisamehe mara moja tu. Lakini mtu akikwambia "Tazama, basi!", huwezi kumjibu "Ndiyo, basi huja". Hapo ni "is coming". Dawa hiyo inafaa mpaka leo. Yale ya "know" na "want" na "love", ambayo hayataki "-ing" hata ukilia, nilihifadhi kwa kichwa kama jedwali la mara.

"-li-" haikutusumbua. Balaa ilikuwa "-me-".

Fikirini wenyewe. Nimechoka, wao husema "I am tired". Amelala, "he is asleep". Nimeelewa, "I understand". Nyote "me", na hakuna hata moja yenye "have". Kisha yuko "amefika", huyo ndiye "he has arrived". Tena sisi watu wa Unguja tuna la kwetu: tunasema "kaja", na tunasema "kaja jana" bila haya wala woga. Ukiipeleka hivyo kwa Kiingereza inakuwa "he has come yesterday", na kalamu nyekundu haikawii. Katika makosa yangu 19, nadhani kumi yalitokana na silabi ile moja.

Ami alinifundisha kwanza kwa njia waliyofundishia wote, njia ya alama. Ukiona "yesterday", "last year", "ago", au mwaka uliotanguliwa na "in", chagua wakati uliopita. Ukiona "since", "yet", "already", "just", chagua yenye "have". Vitabu vya mazoezi vya wajukuu zetu vinafundisha hivyo hivyo, nimeviona. Njia si mbaya. Ila mtunga mtihani anaijua kuliko wewe, basi anakuletea sentensi isiyo na alama yoyote, au anakuletea "for", ambayo inakaa pande zote mbili. "I lived in Mombasa for eight years", kwa sababu nimekwishatoka. "I have lived in Maskati for two years", kwa sababu bado nipo. Miaka ni miaka, "for" ni "for", na kitenzi kimebadilika! Nilimwambia Ami lugha hii haina insafu.

Basi usiku mmoja, nafikiri wiki ya tatu, Ami akanipa karatasi imeandikwa hivi: "I ___ my brother since 1964." Chini: don't see, didn't see, haven't seen, am not seeing. Sidhani kama alifikiri alipoandika. Siku zile sentensi yoyote ya jamaa zetu iliyohitaji mwaka, mwaka uliotoka kinywani ulikuwa huo.

Nikachagua "didn't see". Ami akatikisa kichwa. Nikabisha: mambo ya 1964 yamepita, na mtu niliyemwacha huko nyuma, si sikumwona? Sasa kwa nini isiwe wakati uliopita? Tukavutana, sauti zikapanda kidogo.

Mama alikuwa pembeni anachagua mchele kwenye ungo. Kiingereza hakukijua hata salamu. Akauliza, "Mnagombania nini?" Ami akanyamaza, akainamisha macho. Mimi, mtu mzima wa miaka 23 na akili sina, nikamjibu: "Ami kaandika habari ya mtu na kaka yake tangu 1964. Tunataka kujua ni sikumwona au sijamwona."

Wadogo huenda hamjui, basi nieleze. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka minne, hakutoka nasi. Bibi yetu alikuwa kizee asiyeweza safari wala hataki kuisikia, na kaka alisema atabaki naye mpaka mambo yatulie. Barua zilikuja kwa mkono wa watu, moja kwa mwaka, wakati mwingine hata hiyo haikuja.

Mama hakuinua kichwa. Akasema: "Sijamwona."

Kisha, tukiwa bado kimya, akaongeza: "Sikumwona husemwa mtu uliyemkosa sokoni jana. Mimi mwanangu sijamwona." Akaendelea na mchele wake.

Hatukusoma zaidi usiku ule. Lakini kesho yake Ami alikuja mapema, na sentensi zote tulizokwisha kuzifanya kazigeuza. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani. "Binti," akasema, "'-me-' ni mwongo, lakini kanusho lake halisemi uwongo. Kila wakikuuliza, kikanushe kitenzi kwanza, usikilize kinywa chako kinasema nini."

Tukajaribu. "Kaja jana." Kanusha: "hakuja jana." Hakuna mtoto wa Unguja, hata wa miaka mitatu, atakayesema "hajaja jana". Basi "came", na "has come" haina nafasi hapo. "Kaja", peke yake, mtu yuko mlangoni. Kanusha: "hajaja". Basi "has come". "Tangu Ijumaa": hajaja tangu Ijumaa, yenye "has". Tukafika kwenye ile "for" iliyonitesa. Mombasa: "miaka minane sikutoka". Maskati: "miaka miwili sijatoka". Kinywa kilitenganisha chenyewe kile ambacho kichwa kilikataa kutenganisha. "-ku-" umefunga mlango, na "-ja-" umeuacha wazi, na Mwingereza na "have" yake hataki zaidi ya hayo: je, mlango umefungwa au uko wazi?

Ami akafungua kitabu cha Bibi Ashton, akaona kuwa "-ja-" ameieleza vizuri, kwamba jambo halijatokea na huenda likatokea. Ila kuwa mwanafunzi wa Unguja anaweza kujibia mtihani kwayo, hilo halikuwa shughuli yake. Ami akaandika ubavuni mwa ukurasa kwa penseli. Kitabu ninacho mimi sasa, na penseli inasomeka.

Sitaki kuwadanganya kwamba dawa hii inatibu yote. Baada ya miezi mitatu nilirudi ofisini kwa yule mwenye kalamu nyekundu, nikapata 24 kati ya 30, na nikapewa kazi niliyoifanya mpaka 2005. Katika yale sita niliyokosa moja lilikuwa: "I ___ here since 1972." Nikaandika "am". Nilifikiri: nipo hapa tangu 1972. Kwetu kitu ambacho bado kipo kinasemwa kwa wakati uliopo, basi. Hakuna "-me-" ya kuishuku, wala "-li-", ndiyo maana hata mjukuu wangu ameingia shimo lile lile na "lives" yake. Hapo lazima ukumbuke kukanusha hata usiposhuku kitu: anakaa Cardiff tangu 2019, yaani hajahama. Ukisikia "haja", tia "has". Nilipomweleza hivyo ile Ijumaa, akasema: "Hajahama, has lived. Bibi, hii ni rahisi." Ni rahisi sasa.

Kuna mitego mingine nitaipita mbio. "When he comes, I will tell him": wengi huandika "when he will come" kwa sababu wanafikiri "atakapokuja". Fikiri "akija", hiyo haina "ta" ndani yake, na utapata sawa. Kisha maneno ya kuripoti: sisi twasema "aliniambia mamake anaumwa", kila neno linabaki siku yake, lakini wao kitenzi cha kwanza kikirudi nyuma hukivuta na cha pili: "she told me her mother was ill". Huyo mama anaweza kuwa anaumwa mpaka leo, hawajali. Na kubwa kuliko yote ni "-nge-". Sisi tunaitia pande mbili, "ningejua ningekuja", basi mtu huandika "if I would know I would come". Kwa Kiingereza "would" huwekwa upande mmoja tu, ule usiokuwa na "if". Kwa hili sina dawa ya mdomoni, ila kuandika mara mia kama tulivyoadhibiwa skuli.

Mitihani yenyewe imebadilika sana. TOEFL ya Wamarekani, iliyoanza mwaka ule ule wa 1964, ilikuwa na sehemu nzima ya sarufi. Mwanangu aliifanya mwaka 1986, na makaratasi ya Ami nilimtolea sandukuni. Ilipohamia kwenye intaneti mwaka 2005 sehemu hiyo ikaondolewa. IELTS anayoifanya mjukuu wangu haina maswali ya kuchagua kitenzi. Lakini robo ya alama za kuandika inatokana na sarufi, basi pengo lipo, ila sasa unalijaza bila kuonyeshwa maneno manne ya chini. Kwa maoni yangu hiyo ni ngumu zaidi. Walimu wake wanasema ni ya haki zaidi. Huenda.

Sasa nirudi kwa Mama, maana nilianza habari yake sikuimaliza.

Mwaka 1979 nilijaribu kumwombea kaka ruhusa ya kuja. Mkuu wangu wa kazi, mtu mwema, alikubali kutia saini barua ya kuniunga mkono. Barua niliichapa mwenyewe, kwa Kiingereza, na mstari mmoja ulisema: "Her mother has not seen him since 1964." Niliuchapa bila kufikiri mara mbili. Miaka mitano tangu usiku wa mchele, na sasa nilikuwa karani anayesahihisha barua za wengine. Kopi ya kaboni niliiweka kwenye faili. Ruhusa haikupatikana, si huku wala huko, na sitataja nani alikataa nini.

Mama alifariki mwaka 1982. Kumwandikia kaka kwa Kiswahili nilishindwa kwa siku nyingi. Niliandika salamu, niliandika habari za maradhi na za maziko na waliohudhuria, kila kitu kikaandikika. Pale nilipotaka kumwambia jinsi alivyomngojea, mkono ulikwenda wenyewe kwenye "hajakuona". Nikafuta. Mtu aliyekufa haingiwi na "-ja-". Niliandika "hakukuona", na nilipolitazama neno lile nikasikia sauti ya Mama pembeni: husemwa mtu uliyemkosa sokoni jana. Ami alikuwa hai bado. Nikamwonyesha. Akasoma, akasema "Ndivyo," akanirudishia barua.

Kuanzia mwaka 1984 mambo ya safari za Unguja yalilegea, na mwaka 1985 tukajaribu tena. Mkuu wa kazi yule yule akasema, "Chapa kama ile ya zamani, nitatia saini." Nikatoa kopi ya kaboni. Nilibadilisha tarehe. Nilibadilisha anwani, kwa sababu tulikuwa tumehamia Ruwi. Nikafika kwenye mstari ule, nikasimamisha vidole. "Has not seen" haiwezekani tena. Si kosa la adabu tu, ni kosa la sarufi, wangelitia rangi nyekundu: kwa Kiingereza pia "has" haikai na marehemu. Nikachapa: "Her mother, who died in 1982, never saw him again." Katika barua nzima, mbali na tarehe na anwani, huo ndio mstari pekee uliobadilika. Alisoma, akanitazama, akatia saini.

Safari hii ruhusa ilitoka. Kaka alifika uwanja wa ndege wa Seeb mwezi wa Disemba, mchana. Tulikwenda magari matatu. Nilimwacha kijana wa miaka 17, akatokea mtu ana mvi masharubuni na mkoba mmoja mdogo. Sikumtambua, yeye alinitambua. Tulipomaliza kulia, Ami akamwambia maneno tunayomwambia kila mgeni: "Karibu mwanangu, umefika."

Kaka akamjibu: "Sijafika, Ami. Nipelekeni kwanza kwa Mama."

Tukageuza magari. Makaburini tulifika jua linakaribia kuzama, na nyumbani tulirudi usiku. Wanawake walikuwa wamepika biriani tangu asubuhi, ikabidi ipashwe moto upya.